Kujua Kifaranga ni Mbegu Gani na ni Jogoo au Tetea: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku ya Kwanza Mpaka Miezi Minne

Kwa watu wanaofuga kuku nyumbani kuna swali haliishi: "huyu ni jogoo au tetea?" Halafu linafuata la pili, "na ni mbegu gani?" Wengi wanauliza kwa mpangilio huohuo na hapo ndo wanapotea, maana hayo maswali inabidi uyageuze. Jua mbegu kwanza, hata kwa kukadiria tu, ndo uje kwenye jinsia, kwa sababu dalili inayokwambia ukweli kwa mbegu hii, kwa mbegu nyingine haikwambii kitu. Kuku wa wiki nane ambaye upanga wake (undu, ile nyama ya juu ya kichwa) bado mdogo na umepauka, kama ni Leghorn huyo karibu kwa uhakika ni tetea, ila kama ni Brahma bado hujajua chochote, subiri.

Jambo la pili la kushika kabla hatujaanza: dalili moja haitoshi. Ukipata tatu zinazosema kitu kimoja, kwa kuku mmoja, kwenye umri unaofaa, hapo sasa unaweza kuamua nani abaki na nani atoke.

Maandalizi: umri, alama, na wenzake

Andika tarehe ya kutotolewa. Bila umri hakuna mwongozo utakaokusaidia, upanga uleule kwenye wiki ya nne unamaanisha jambo moja na kwenye wiki ya kumi na sita unamaanisha jambo lingine kabisa. Kama vifaranga ulinunua na hukuambiwa umri, angalia manyoya. Akiwa bado na vinyoya laini vya kitoto mwili mzima na mabawa ndo yanachipua, huyo hajamaliza wiki moja au ndo anaimaliza. Mabawa yamejaa lakini kichwa na shingo bado laini, kadiria wiki tatu hadi nne. Ameshavaa manyoya mwili mzima, wiki sita hadi nane.

Kisha watie alama. Njia rahisi ni rangi ya kucha, unapaka ukucha mmoja wa mguu, huyu nyekundu huyu bluu, unarudia ikifutika. Kuna wanaotumia vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, vinafaa lakini mguu wa kifaranga unanenepa haraka sana kwa hiyo kila wiki kagua kama kamba bado inazunguka kwa uhuru, ikishaanza kubana ikate siku hiyohiyo, nimeshaona mguu uliovimba kwa kamba iliyosahaulika na ni mateso ambayo kuku hakustahili.

Piga picha kila wiki, upande mmoja, kwenye mwanga wa mchana, kuku akiwa amesimama. Taa nyekundu ya bruda (pale unapowapa vifaranga joto) inafanya kila upanga uonekane mwekundu, picha ya pale haina faida.

Na ukiweza usimwangalie kifaranga peke yake. Mlinganishe na wenzake wa mbegu hiyohiyo na umri huohuo. Ukiwa nao sita wa aina moja tofauti zinajitokeza zenyewe, ukiwa na mmoja tu unabaki kubahatisha muda mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza: mbegu

Watu wanakimbilia rangi. Rangi iache mwisho, kwa sababu vifaranga wa njano wako mbegu nyingi mno (Leghorn mweupe, Sussex mweupe mwenye shingo nyeusi, kuku wa nyama, na machotara wengi tu) na mbegu moja inaweza kuwa na rangi kumi. Anza chini kwenye miguu, panda juu.

Hesabu vidole. Kuku wengi wana vidole vinne kila mguu. Ukikuta vitano, uwanja umeshakuwa mdogo sana: Silkie, Dorking, Faverolles, Houdan, Sultan, au chotara mwenye damu ya mmojawapo. Hii inaonekana siku ya kwanza kabisa na haibadiliki, ndo maana naipenda.

Angalia kama miguu ina manyoya. Vifaranga wa Brahma, Cochin, Silkie na Faverolles wanazaliwa na vinyoya vinavyoshuka mguuni hadi vidoleni. Marans wa Kifaransa wanavyo pia ila vichache, saa nyingine ni vya kutafuta. Kifaranga mwenye vidole vinne, miguu ina manyoya mengi na baadaye undu wake unakuwa mfupi wa mistari mitatu, huyo fikiria Brahma au mtoto wa Brahma. Undu uleule ukiwa mmoja wa kusimama, fikiria Cochin.

Rangi ya mguu inasaidia sana kutenganisha wanaofanana. Rhode Island Red, Plymouth Rock, Wyandotte na Leghorn wana miguu ya njano. Sussex na Orpington wa rangi ya dhahabu miguu yao ni myeupe yenye uwekundu kidogo. Hapa kuna jambo moja zuri: ukiwa na kuku mweusi tii hujui kama ni Australorp au Jersey Giant, mgeuze uangalie nyayo. Wote miguu yao ni ya kijivu au meusi kwa juu, ila nyayo za Australorp ni nyeupe na za Jersey Giant ni za njano. Na usishtuke kifaranga wa Australorp akizaliwa na tumbo jeupe, au manyoya yake ya kwanza ya mabawa yakiwa na ncha nyeupe, watu wanasema "nimeuziwa chotara" kumbe hayo meupe yanaondoka akibadilisha manyoya.

Undu, yaani upanga, wengine wanaita kilemba. Wa kawaida ni ule wa kusimama wenye meno, ndo walio nao Leghorn, Sussex, Orpington, Australorp, Plymouth Rock na wengi wa kienyeji. Wyandotte ana undu wa kulala, mpana kwa mbele, umejaa vinundu na unaishia na ncha kwa nyuma. Rhode Island Red anaweza kuja na wowote kati ya hiyo miwili. Kwa kifaranga wa siku moja mchunguze kwa karibu juu ya pua, utaona kama ni mstari mwembamba au ni kibapa kipana, hata kama bado ni mdogo mno.

Kichwani angalia kishungi na ndevu za manyoya. Kifaranga wa Polish anazaliwa na nundu juu ya fuvu, siyo vinyoya tu, ni fuvu lenyewe limeinuka, kwa hiyo uwe mpole unapomshika kichwa. Mashavu yaliyovimba kwa manyoya ni dalili ya Faverolles, Ameraucana na wale machotara wanaotaga mayai ya rangi ya bluu au kijani.

Ngozi: nyeupe, njano, au nyeusi. Silkie ngozi yake ni nyeusi mpaka mifupa.

Shingo. Kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, anajulikana tangu anatotolewa, na hapo kuna siri ndogo: akiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo chini, amepata jeni hiyo (chembe ya urithi) kwa mzazi mmoja tu. Shingo ikiwa tupu kabisa au karibu tupu, ameipata kwa wazazi wote wawili. Kidimu, yule wa manyoya ya kujikunja, kwa siku za mwanzo humjui, subiri mabawa yachipue uone manyoya yanajipinda kwenda nje.

Sasa baada ya hayo ndo uangalie rangi. Kifaranga mweusi mwenye doa jeupe kichwani, miguu ya njano, fikiria Plymouth Rock wa madoadoa (yule wa milia myeusi na myeupe) au mtoto wake. Mwekundu wa kahawia mwili mzima, fikiria Rhode Island Red au New Hampshire. Mwenye mistari mitatu ya kahawia mgongoni anaweza kuwa wa mbegu nyingi, rangi hiyo ndo ya asili ya kuku pori.

Na niseme wazi, kuku wengi wa nyumbani hawana mbegu moja. Kienyeji siyo mbegu moja, ni mchanganyiko wa miaka mingi na ndani ya kundi la mama mmoja unaweza kupata rangi tano. Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa ni kuku waliotengenezwa kwa kuchanganya, kwa hiyo vifaranga wao ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe hawatoki sawa na wazazi. Kama huyu wako ana kidole cha tano, miguu ya njano na undu wa kusimama, acha kulazimisha jina. Andika "chotara, damu ya Silkie au Dorking ipo", inatosha kwa matumizi yote.

Hatua ya pili: siku ya kwanza hadi ya tatu

Hapa zipo njia tatu za kweli na kila moja ina sharti lake.

Ya kwanza ni rangi ya kuzaliwa, na hii mfugaji wa nyumbani anaweza kuipanga mwenyewe. Kwa kuku, dume ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Tetea anatoa ile Z yake kwa watoto wa kiume tu, binti zake wanachukua Z ya baba. Kwa hiyo ukiwa na jeni ya rangi inayokaa kwenye Z, na ukachagua wazazi vizuri, madume yanatoka na alama ya mama na majike yanatoka na rangi ya baba. Jogoo wa Rhode Island Red juu ya tetea wa Sussex mweupe: vifaranga wa njano iliyopauka ni madume, vifaranga wa wekundu au kahawia ni majike. Jogoo yuleyule wa Rhode Island Red juu ya tetea wa Plymouth Rock wa madoadoa: vifaranga wote weusi, wenye doa jeupe kichwani ni madume, wasio na doa ni majike. Kuku wa mayai wa kahawia kama ISA Brown na Lohmann Brown nao wanatenganishwa kwa rangi namna hiyo siku wanayototolewa.

Sharti ni kwamba usigeuze wazazi. Ukiweka jogoo wa Plymouth Rock juu ya matetea ya Rhode Island Red, vifaranga wote watatoka na doa, madume na majike, hujapata kitu. Na kizazi kinachofuata, yaani ukizalisha hao machotara wenyewe kwa wenyewe, mchezo umekwisha, rangi haikwambii jinsia tena.

Plymouth Rock wa madoadoa halisi, baba na mama wote wa madoadoa, wanasomeka pia ila kwa tahadhari. Dume ana jeni ya madoa mara mbili, jike mara moja. Kwa hiyo doa la kichwani la dume ni kubwa na limetawanyika kingo zake hazieleweki, la jike ni dogo limekaa mahali pamoja, na mbele ya miguu ya jike kuna weusi unaoshuka. Wakikua dume anaonekana wa kijivu chepesi, jike mweusi zaidi. Ndo wazo walilolitumia Reginald Punnett na Michael Pease kule Cambridge, Uingereza, kutengeneza mbegu kama Legbar ambazo jinsia inajulikana kwa kuangalia kifaranga tu: jike ana mistari iliyokolea mgongoni, dume amefifia na ana doa kichwani.

Njia ya pili ni manyoya ya bawa. Mshike kifaranga, fungua bawa taratibu kwenye mwanga. Utaona safu mbili za vinyoya vinavyochipua, ya chini ndo manyoya makuu ya bawa, ya juu ni yale yanayofunika. Kwa jike yale makuu ni marefu waziwazi kuliko ya kufunika, kwa hiyo unaona mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Kwa dume ncha zote ziko sawa kama meno ya chanuo, au yale ya kufunika ndo yamezidi. Lakini, na hili "lakini" ni zito, hii inafanya kazi tu kama baba ni wa mbegu inayoota manyoya haraka na mama ni wa mbegu inayochelewa. Vituo vya kutotolesha vinapanga hivyo makusudi. Kwa kuku wako wa kawaida ambao hujui historia yao, utaona tofauti za bawa na hazitakuwa na maana ya jinsia. Video nyingi zinaonyesha bawa bila kusema hili na watu wanauza majogoo wakidhani ni matetea. Na baada ya siku mbili tatu tofauti inafutika hata pale inapofanya kazi.

Njia ya tatu ni kuangalia sehemu ya siri ya kifaranga, njia iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani miaka ya 1920. Wenye ujuzi wanaifanya kwa haraka na kwa usahihi mkubwa ila wamefundishwa muda mrefu. Nakuomba usijaribu. Ukiminya vibaya unaweza kumpasua ndani kwenye kifuko cha kiini au utumbo, na kinundu unachokitafuta ni kidogo mno na hata majike wengine wanacho.

Kuna pia kipimo cha maabara cha DNA kwa unyoya au damu, kinajibu kwenye umri wowote, kinafaa kwa ndege wa thamani.

Mengine yote ya siku za mwanzo yaache. Yai lenye ncha au la duara halikwambii jinsia. Kumning'iniza kifaranga uone kama anarusha miguu hakukwambii kitu na kunamwumiza. Kuning'iniza pete kwenye uzi juu ya kifaranga uone inavyocheza, hapana.

Hatua ya tatu: wiki ya tatu hadi ya sita

Hapa ndo upanga unaanza kusema, kwa mbegu za undu wa kusimama. Pora, yaani jogoo mchanga, upanga wake unaanza kunenepa kwenye mzizi na kugeuka waridi wakati wa dada zake bado ni wa njano iliyopauka. Chini ya mdomo zile ndevu za nyama nazo zinaanza kuonekana. Angalia rangi kuliko ukubwa. Upanga mrefu kidogo lakini wa njano bado ni wa kusubiri, upanga mfupi mwekundu kwenye wiki ya tano ni wa kutilia shaka sana.

Kwa mbegu nzito manyoya yanasaidia hapa. Majike yanavaa haraka, mgongo unafunikwa na vimkia vinatoka, madume yanabaki na mgongo wenye mabaka matupu na mkia kama kisiki. Miguu ya dume mara nyingi ni minene zaidi na anasimama wima. Hizi ni dalili za kusindikiza tu, usimchinje kuku kwa unene wa mguu.

Tabia nazipa uzito mdogo. Vifaranga wote wanapimana vifua, majike pia.

Hatua ya nne: wiki ya saba hadi ya kumi

Kwa undu wa kusimama sasa wengi wameshajulikana, dume ana upanga mwekundu na ndevu zinazoning'inia. Kwa undu mfupi wa mistari mitatu angalia upana: dume ana mistari mitatu iliyotengana, mipana, myekundu, jike ana mstari mmoja mwembamba uliopauka na ile ya pembeni haionekani.

Kwa wale wenye rangi za kuchanganyika kuna dalili ambayo hainiangushi mara nyingi, nayo ni mabaka ya wekundu mzito kwenye bega la bawa. Jike rangi yake inajirudia kwa utaratibu mwili mzima, dume anapata mabaka, sehemu moja imekolea sehemu nyingine hamna. Ukiona chotara wa kahawia anaanza kutoa wekundu wa damu ya mzee juu ya mabawa, huyo ni pora.

Kuwika kunaweza kuanza mapema wiki ya saba au ya nane, wengi ni miezi mitatu hadi minne. Asiyewika siyo lazima awe tetea, mahali penye jogoo mkubwa mapora mengine yananyamaza kabisa.

Hatua ya tano: wiki ya kumi hadi ya kumi na sita, jibu la kuaminika

Kama ungefuata hatua moja tu ya mwongozo huu ningekwambia ufuate hii. Mshike kuku, mkumbatie kichwa kikiwa nyuma ya kiwiko chako mkia mbele yako, na ufungue manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia, pembeni. Chomoza unyoya mmoja kwa vidole bila kuung'oa na uangalie ncha. Tetea: ncha ni ya mviringo, pana, haina mng'ao wa pekee. Jogoo: unyoya mwembamba, mrefu, umechongoka, unang'aa na unaanza kuning'inia kando ya mkia. Mwanzoni ni vichache vimejificha kati ya manyoya ya utotoni, ndo maana nasema ufungue, ukiangalia kwa mbali huvioni. Akitoa hata vitatu vya namna hiyo, hakuna ubishi tena.

Angalia kiunoni siyo shingoni, kwa sababu manyoya ya shingo ya majike wengine nayo yanachongoka kidogo na yanachanganya watu. Mkia wa jogoo baadaye unatoa yale marefu ya kupinda. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, usiutegemee, kwa umri huu wote wana kinundu tu na matetea wengine wanaota vipi wakizeeka.

Zipo mbegu zisizofuata kanuni hii. Jogoo wa Sebright ana manyoya ya mviringo kama ya jike, huyo msome kwa upanga na sauti. Silkie manyoya yake hayana umbo la kuchongoka la kawaida, tena anachelewa, mpe miezi mitano au sita: kishungi cha dume kinatoa nyuzi ndefu zinazolala nyuma na undu wake ni mpana, cha jike kinabaki duara.

Wakikaribia kutaga

Kuanzia wiki ya kumi na nane, mapema zaidi kwa kuku wa mayai, upanga wa tetea nao unakuwa mkubwa na mwekundu, na kila mwaka kuna watu wanaingiwa na hofu hapo wakidhani tetea amegeuka jogoo. Kwa Leghorn unaweza hata kulala upande mmoja. Rudi kiunoni uangalie manyoya. Kama ni ya mviringo, na ukimgusa mgongo anachuchumaa na kufungua mabawa, mwekee kiota.

Na ukisikia tetea mtu mzima anawika, kwanza angalia kama kundi halina jogoo, maana tetea mkubwa wa kundi anaweza kushika nafasi hiyo. Ila akianza kutoa manyoya yaliyochongoka baada ya kubadilisha manyoya na ameacha kutaga, tatizo ni ndani. Kuku jike anatumia ovari (kiungo kinachotengeneza mayai) moja tu ya kushoto, ikiharibika kwa ugonjwa homoni ya kike inashuka na mwili unavaa sura ya jogoo. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kwenye daftari lako la uzazi mwondoe kwenye hesabu ya wanaotaga.